Jeneza Lililowekwa Chumbani Kwako

Mazwi,
Sumbawanga.
Jumanne, 9 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Zenon,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, mkeo Jenifa na mjukuu wangu Victoria hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha mtoto ulichonitajia wakati wa Pasaka kimekwisha. Kama hakijaisha, msimpe dawa za kuokoteza dukani, mpelekeni hospitali. Mimi mama yako mkubwa ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti yangu unayajua. Nasema ni mzima, na naomba ulisome neno hilo mara mbili.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Naiandika kwa sababu siku ile kwenye simu tuliongea dakika mbili tu, wewe uko stendi ya Chalinze katikati ya makelele ya wachuuzi, mimi nimezungukwa na watu wanaonipapasa mikono kuhakikisha kama nina joto. Tangu hapo kila nikikupigia unaniambia uko kazini, utanipigia. Sikulaumu. Ila barua haisumbuliwi na mtandao, na huwezi kuikata katikati labda uichane. Nimempa Sista mmoja wa parokia anayekuja Tanga kwa mafungo, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Huku mahindi tumeshavuna, si haba. Asubuhi maji kwenye ndoo yana baridi ya kuuma meno. Nimeshaanza kuvaa lile koti lako la shule uliloacha, la buluu, ingawa vifungo vyake vimebaki viwili.

Sasa nikueleze yote tangu mwanzo, maana najua umesikia vipande, na Kornel mwenyekiti wetu wa jumuiya akisimulia jambo huruka kama panzi.

Mwezi wa nne walikuja hapa vijana wawili wa sekondari, Rozina na Teodori. Rozina ni binti wa kidato cha tatu, mwembamba, anaongea haraka kuliko cherehani yangu. Teodori ni mtoto wa yule fundi seremala anayetengeneza majeneza nyuma ya soko, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti nzito isiyolingana na umri wake. Walitaka niwashonee joho jeusi refu lenye bitana nyekundu. Nikawauliza ni la padri gani huyo anayevaa nyekundu kwa ndani. Wakacheka mpaka wakakaa chini, wakasema, "Hapana bibi, ni la maiti."

Kumbe wana kikundi chao cha maigizo pale parokiani, vijana kama kumi hivi. Rozina alikuta kwenye sanduku la vitabu vya zamani mchezo wa kutisha wa Wazungu, ulioandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Akakaa Kwaresima nzima na kamusi, akautia katika Kiswahili peke yake. Ni habari ya bwana mmoja mwenye ngome mlimani, aliyekufa zamani lakini amekataa kukaa kaburini. Mchana analala kwenye jeneza lake, jua likizama anaamka kwenda kunyonya damu za watu. Kwa kifupi ni mumiani, lakini mumiani mwenye adabu, kwa kuwa hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Anasimama mlangoni na joho lake anapiga hodi. Ndani yuko binti mmoja ambaye wenzake wote wameondoka, na binti huyo anasema karibu. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Najua unacheka. Unasema, Sumbawanga nzima watu hawana mchezo mwingine wa kuigiza ila huo, ili tuzidi kusingiziwa uchawi. Hata mimi niliwaambia hivyo. Ila nanyi huko Tanga mnasingiziwa hayo hayo, kwa hiyo tusichekane.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umechukuliwa na kwaya, basi wakaniomba wafanyie mazoezi sebuleni kwangu. Nikakubali. Zenon, tangu uondoke nyumba hii haijawahi kuwa na sauti nyingi namna ile. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi, nilikuwa nasikia "Hodi bibi! Shikamoo bibi!" kabla hata sijamaliza kuchomeka uzi. Nilianza kupika viazi vingi kuliko tumbo langu. Siku ambazo hawakuja nilishona huku redio imewashwa, na sikujua inasema nini.

Kila walipofika pale pa hodi, walimtania Rozina, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa yule binti. Waliniuliza na mimi: "Bibi, huyu dada si mjinga? Yaani mtu humjui, giza limeingia, unasema karibu?" Nikawajibu kwamba labda ni mjinga. Moyoni sikuona hivyo. Niliona kwamba hakuna aliyempigia hodi muda mrefu, na mtu wa namna hiyo haulizi ni nani.

Sasa tufike kwenye jeneza. Teodori alilitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao za baba yake, akalipaka rangi nyeusi, likapendeza kama jeneza linavyoweza kupendeza. Lilipokamilika hakuna aliyetaka likae kwake. Baba yake alisema karakana yake hailazi jeneza lisilo na jina la mtu. Mlinzi wa ukumbi aliapa ataacha kazi siku hiyo hiyo. Mama zao ndio usiseme. Basi wakaja kwangu wameinamisha vichwa, nami nikawaambia walilete, kuna chumba cha Zenon, kiko tupu. Nilijisikia nikisema maneno hayo, nikaenda kuwatazamia viazi jikoni.

Alhamisi ya tarehe 27 nilidamka kwenda shambani kwangu Mollo kuangalia wakata ulezi. Ufunguo nilimwachia Rozina. Simu niliisahau kwenye chaji, maana kichwa changu siku hizi ni hivyo. Saa tano asubuhi wakalileta jeneza juu ya guta la magurudumu matatu.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa, na kosa lenyewe ni la watoto waliolelewa vizuri. Teodori alilifunika kwa kitambaa cheupe ili lisitishe watu njiani. Halafu, mtoto aliyefundishwa dini hawezi kusukuma jeneza huku anapiga kelele na kutaniana, hata kama anajua ni tupu. Wakavua kofia. Wakatembea taratibu nyuma yake, wawili wawili, kimya, mtaa mzima. Wakaliingiza ndani, wakafunga mlango kwa ufunguo, wakaenda zao ukumbini kuandaa jukwaa.

Jirani yangu Marsiana alikuwa anaanika mahindi uani kwake. Aliona jeneza lenye kitambaa cheupe linaingia kwangu. Cherehani yangu ilikuwa haijalia tangu asubuhi. Jumuiyani sikuonekana wiki mbili kwa ajili ya magoti. Marsiana akajumlisha mwenyewe, akapata jibu lake, akapiga ukunga. Watoto wanasema walipokuwa njiani waliusikia ule ukunga, wakasema jamani kuna mtu amekufa huko Mazwi, wakavua kofia tena wakaendelea na safari.

Watu wakaja. Wakachungulia dirisha la chumba chako, wakaliona limelala pale na kitambaa chake, na hakuna aliyetaka kuchungulia mara ya pili. Wakasema bila shaka nilifia hospitalini, nimeletwa, na aliyefunga mlango ni ndugu aliyekwenda kushughulikia kaburi. Ndugu gani, mwanangu? Mama yako Mary alishatangulia, waliobaki ni mimi na wewe. Kornel alilijua hilo, ndiyo sababu alitafuta namba yako kwenye daftari la jumuiya akakupigia.

Mimi nilirudi saa kumi jioni, nimepanda bodaboda, gunia la ulezi limebanwa katikati yangu na dereva. Kufika kona nikaona turubai, mabenchi, wanaume wanaota moto, wanawake wamejaa uani. Dereva akamuuliza mzee mmoja aliyesimama kando ya njia, ambaye simfahamu, msiba ni wa nani. Akajibu, "Ni bibi mmoja hivi, mshonaji. Alikuwa anaishi peke yake."

Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu. Nilimwonea huruma huyo bibi. Kwa kitambo kidogo, kabla sijaangalia vizuri ni nyumba ipi, nilimwonea huruma kweli kweli, nikasema masikini, peke yake. Kisha nikauona mlango wangu.

Marsiana ndiye aliyeniona wa kwanza. Aliangusha sufuria la maharage akakimbia kuelekea chooni. Wengine wakamfuata bila kujua wanakimbia nini. Kornel alipiga ishara ya msalaba, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani. Nikasimama pale na gunia langu nikauliza kama kuna mtu anaweza kunisaidia kulibeba. Basi hiyo ndiyo iliyowathibitishia kwamba ni mimi. Marsiana akatoka, akanitukana, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia.

Walikuwa si chini ya watu sitini. Kuna wanawake pale ambao hawajavuka kizingiti changu miaka miwili, na siku hiyo kila mmoja alikuwa amebeba unga wake na kuni zake. Nilifurahi, sitakuficha. Nilitembea katikati yao nikiona nani amelia mpaka macho yamevimba, na nani amekuja kwa ajili ya chakula. Baadaye kidogo nikakasirika. Nilijiuliza, kumbe njia ya kuja kwangu wote wanaijua?

Chakula cha msiba hakirudishwi, basi wakala, nami nikala nao. Ni wachache waliowahi kula maharage ya matanga yao wenyewe. Chumvi haikutosha.

Ndipo Kornel aliponipa simu yake, wewe ukiwa upande wa pili. Nilikusikia unalia, Zenon. Tangu ulipokuwa na miaka minne, siku nilipokuleta hapa baada ya kumzika mama yako, sijakusikia ukilia vile. Halafu ukacheka, ukamshukuru Mungu, ukaniambia umeshafika Chalinze. Nikaanza kufikiri shuka ziko wapi. Ukasema, "Basi mama, kama ni hivyo acha nigeuze, ruhusa waliyonipa ni ya msiba." Nikakujibu geuza mwanangu, kazi ni kazi. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikudanganya, na naandika barua hii ili niuondoe uongo huo.

Kabla jua halijazama turubai lilikuwa limekunjwa na mabenchi yamerudi kanisani. Kesho yake hakuna aliyepiga hodi, hata Marsiana, nadhani aliona aibu.

Ijumaa hiyo hiyo wazee wakaanza kusema mchezo upigwe marufuku, kwamba watoto wamechezea mauti. Ulikuwa uonyeshwe Jumamosi ile ya tarehe 29, ukasimamishwa. Rozina na wenzake wakakatazwa kuja kwangu. Jumatatu saa kumi nilikaa nikisikiliza. Nilikuwa nimeshachemsha viazi. Nilivila siku mbili.

Jumanne kulikuwa na kikao cha jumuiya, nikajikokota na magoti yangu. Walipomaliza kusema wote nikasimama, nikawaambia marehemu ni mimi, na kama kuna mtu wa kuudhika ni marehemu, na marehemu anataka mchezo uendelee. Nikawakumbusha kwamba wosia huheshimiwa. Wakacheka hata wale waliokuwa wamekunja uso. Kornel akakubali kwa sharti moja: jeneza likipelekwa ukumbini, mimi nitangulie mbele yake, ili mtaa mzima unione.

Basi Jumamosi iliyopita nilitembea mbele ya jeneza langu kutoka nyumbani mpaka parokiani, nimevaa koti lako la buluu, nasalimia watu kulia na kushoto. Wengine walipiga makofi. Bodaboda mmoja alipiga honi njia nzima.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, wote wakitaka kuliona hilo jeneza. Joho lilimkaa vizuri Teodori, aliyekuwa yule bwana wa jeneza, nasema hivyo kwa kuwa nimelishona mimi. Teodori alipogeuka ile bitana nyekundu ikafunguka, watoto wa mbele walijificha chini ya mabenchi. Kisha ikafika pale pa hodi. Rozina amekaa peke yake jukwaani na taa ya chemli. Teodori yuko nje ya mlango wa maturubai, anaita kwa ile sauti yake, polepole: "Hodi." Ukumbi mzima ukalipuka. "Usimkaribishe! Dada, funga mlango! Weka komeo!" Mzee mmoja nyuma aliahidi kumpiga fimbo kama atathubutu kufungua.

Akaita mara ya pili. Rozina akanyamaza kama alivyojizoeza, ameshika taa, hajageuka. Akaita mara ya tatu. Nami nikiwa benchi la mbele nikasikia mtu anasema "Karibu." Ilikuwa sauti yangu.

Watu wakacheka. Rozina akanitazama, halafu akasema "Karibu" ya kwake, mchezo ukaendelea, na mimi sikumbuki vizuri ulimalizikaje, ila yule bwana alichomwa mti moyoni na akafa kwa kelele nyingi. Marsiana alikuwa kando yangu. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho. Baadaye Rozina aliniuliza kama nilitaka kumsaidia maneno. Nikamwambia nilisahau kwamba ni mchezo. Si kweli. Nilikuwa najua ni mchezo, ila nilipolisikia lile neno mdomo haukunisubiri.

Vijana wamesharudi shule na hawana mazoezi tena. Marsiana anapita dirishani kila asubuhi, anaita, nikiitika anasema "Haya, upo," na kuendelea na safari zake. Nashukuru kwa hilo, lakini halitoshi, mwanangu. Ninakaa peke yangu na ninaumia. Sijawahi kukuambia kwa sababu sikutaka uone kwamba nilikulea ili unilipe.

Sasa sikiliza ombi langu. Mara ya mwisho kuniona ni ulipomleta Jenifa kunionyesha, miaka sita iliyopita. Victoria ana miaka minne na mimi namjua kwa picha za kwenye simu. Lakini siku waliyokuambia nimekufa, hukuuliza nauli wala hukuuliza nani atashika zamu yako. Ndani ya saa moja ulikuwa kwenye basi. Kwa hiyo njia unaijua, na kazini wanaweza kukuruhusu, na nilichokuwa nadhani hakiwezekani nimeona kwamba kinawezekana. Waombe ruhusa tena. Kama hawana ruhusa ya kwenda kumwona mama, waambie mama amefufuka, tuone hiyo wanampa mtu siku ngapi.

Ulipofika Chalinze ulikuwa unakuja kwa mtu ambaye asingeweza kukuitikia. Njoo sasa, wakati hodi yako bado ina mwenye kuijibu.

Msalimie sana Jenifa, umwambie ile kanga aliyonitumia naivaa kanisani. Mbusu Victoria kwenye paji la uso, umwambie ana bibi anayejua kushona nguo za wanasesere. Kornel na Marsiana wanakusalimu, na wote wawili wanakuomba radhi kwa mshtuko. Mungu aliyekurudisha salama kutoka Chalinze akulinde, na akupe siku nyingine ya kuipita Chalinze bila kugeuza.

Ni mimi ninayekupenda, na ambaye bado nipo,

Mama yako mkubwa,
Bertilla

N.B. Baada ya mchezo jeneza lilirudishwa chumbani kwako, maana bado hakuna anayelitaka. Leo asubuhi nimemwita Teodori, nikamwambia aje alivunje kabla ya Ijumaa. Akaniuliza, "Bibi, mbona ghafla, si chumba ni kitupu?" Nikamjibu kwamba kina mwenyewe. Kitanda nimeshakitandika.